"Kazi ya Mungu Haipimwi" na Dhana Nyingine Tulizozizoea Kanisani

Kila Novemba viongozi wa idara kanisani kwetu huombwa ripoti ya mwaka, na kila Novemba ripoti hizo huandikwa Jumamosi usiku. Nimekuwa katibu wa kanisa hapa Kisauni, Mombasa, miaka ya kutosha kuijua sentensi ya kwanza kabla sijaikunjua karatasi: "Tunamshukuru Mungu kwa mwaka huu, changamoto zilikuwepo, lakini Bwana ametushindia." Kwaya huandika hivyo, wapokea wageni huandika hivyo, na mwaka mmoja idara mbili ziliandika hivyo kwa mwandiko mmoja. Tunapiga makofi, tunaomba, tunakunywa soda, na Januari tunayaanza upya yale yale.

Tusiwasingizie uvivu. Wengi wa watu hawa huamka saa kumi na moja alfajiri ya Jumapili kwenda kupanga viti. Kinachotukwamisha ni mambo tunayoyaamini kuhusu tathmini na mipango, na baadhi yake tumeyapa sura ya maandiko bila kuyafungua maandiko yenyewe.

"Kazi ya Mungu haipimwi"

Anayesema hivi kwa kawaida huja na Daudi. Daudi alihesabu watu, tauni ikashuka; basi kuhesabu ni dhambi. Habari hiyo ipo kweli, 2 Samweli 24. Lakini kitabu cha Hesabu kinaanza na Mungu mwenyewe kumwamuru Musa awahesabu watu. Na yule mchungaji wa Luka 15 alijuaje kuwa kondoo mmoja hayupo, kama hakuwa akijua kwamba wote ni mia? Mitume waliporudi kutoka walikotumwa walimweleza Yesu yote waliyoyatenda na kuyafundisha (Marko 6:30). Paulo na Barnaba walipofika Antiokia waliwakusanya watu wa kanisa wakawapa habari ya safari (Matendo 14:27). Tusiseme basi kwamba ripoti ni kitu cha mashirika na wafadhili.

Mimi mfano unaonikaa moyoni ni wa mtini, Luka 13. Mwenye shamba amekuja miaka mitatu akitafuta matunda na hapati, anataka mti ukatwe. Mtunza shamba hamwambii "usihukumu." Anaomba mwaka mmoja zaidi, anataja atakachofanya, yaani kuupalilia na kuutia samadi, na anakubali kwamba usipozaa utakatwa. Hebu tazama alivyopanga: muda, kazi, na uamuzi utakaofuata. Mipango ya idara zetu huwa na muda, huwa na nusu ya kazi, na huo uamuzi hakuna anayethubutu kuutamka. Ndiyo sababu tuliendelea na mkesha wa kila mwezi kwa miaka, ukihudhuriwa na watu wale wale wanne, wawili kati yao wamesinzia.

"Viti vikijaa, huduma imefaulu"

Hii ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu anayeishika huwa amekwisha kukubali kuhesabu. Tatizo lake ni alichochagua kukihesabu.

Wapokea wageni wetu walikuwa na daftari safi kabisa. Kila Jumapili: wageni wangapi, wametoka wapi, namba za simu. Mwisho wa mwaka walisoma jumla na kanisa likashangilia. Mzee mmoja akauliza swali dogo tu: katika hao, ni wangapi waliokuja mara ya pili? Kimya. Tukagawana namba tukaanza kupiga. Mama mmoja aliniambia, kwa upole ulioniumiza zaidi kuliko kama angefoka, kwamba alikuja Jumapili tatu mfululizo. Alikuwa akitoka Likoni, anapanda kivuko, kisha matatu mbili. Jumapili zote tatu alisimamishwa, akapigiwa makofi, akaandikishwa, na hakuna aliyemuuliza hali yake wakati wa kutoka. Kwenye daftari letu alihesabiwa kama wageni watatu.

Tangu hapo idara ile haisomi tena jumla ya wageni. Husoma waliorudi, waliopigiwa simu kabla ya Jumatano, na waliopelekwa kwenye kikundi cha mtaani kwao. Tarakimu zenyewe ni ndogo, hazipigiwi makofi, ila zinatuambia pa kufanyia kazi. (Na kwa kuwa tumezitaja namba za simu: sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 huiweka imani ya mtu katika taarifa nyeti. Mwambie mgeni kwa nini unaandika namba yake, na orodha isibandikwe ukutani wala kupewa muumini anayeuza bima.)

Sasa, wapo wanaokimbilia upande wa pili na kusema tarakimu ni bure kabisa. Mimi hupita Kengeleni karibu kila siku, pale Frere Town, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na humkumbuka mmisionari Krapf. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akamzika mkewe na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 mmisionari mwenzake, Rebmann, akamfuata, wakahamia Rabai. Krapf alipoondoka kwa ugonjwa mwaka 1853, waliobatizwa walihesabika kwa vidole. Kwa kipimo cha viti, angeitwa nyumbani mapema. Lakini kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake, na Rebmann alikaa Rabai hadi 1875. Angalau wale waliandika walichokuwa wakifanya, kwa tarehe. Idara inayosema "matunda yetu yataonekana baadaye" nayo iweke kitu kwenye karatasi leo, la sivyo huko baadaye hatutajua tumtazame nani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na huduma ni vivyo hivyo.

"Manung'uniko ni roho ya uasi"

Matendo 6. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, manung'uniko yanazuka. Mitume hawamkemei mtu. Wanaita mkutano, wanaagiza wachaguliwe saba. Majina ya hao saba yote ni ya Kiyunani: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yaani waliolalamika walikabidhiwa meza. Kwetu sisi aliyelalamika huondolewa kwenye grupu ya WhatsApp.

"Aliyejitolea haulizwi"

"Hatumlipi, tutamuuliza nini?" Nimeisikia kauli hii vikaoni hadi nimechoka nayo. Inaonekana ya huruma, kumbe inamwacha mtu peke yake. Mwalimu wa Shule ya Jumapili anayefundisha watoto wa miaka minne na wa miaka kumi na miwili katika chumba kimoja, bila vitabu, angefurahi mno kuulizwa. Tulipomuuliza hatimaye, alitaka vitu viwili: pazia la kugawa chumba, na mtu wa kushika zamu Jumapili moja kwa mwezi ili naye asikie mahubiri.

Kuna na upande mwingine, na hapa wenzangu wa kwaya mnisamehe. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwaya inayoambiwa "mmebarikiwa" kila wiki kwa miaka mitano huacha kufanya mazoezi mwaka wa pili. Dawa yake ni kuizungumzia kazi na kumwacha mtu na heshima yake. "Sauti ya tatu haikusikika nyimbo zote mbili" ni jambo linalorekebishika Alhamisi. "Nyinyi siku hizi hamna upako" hairekebishiki siku yoyote.

"Mpango ni kalenda"

Mwaka mmoja tulipokea kalenda iliyopangwa bara, nzuri, yenye rangi. Ilikuwa na mkutano wa hadhara katikati ya Mei. Mpwani yeyote anajua Mei ni masika. Tulihubiri chini ya turubai lililojaa maji kama tumbo la ng'ombe, spika zimefunikwa kwa mifuko ya nailoni.

Ila mvua ni jambo dogo. Kosa kubwa zaidi tulikuwa tukilifanya wenyewe, bila msaada wa bara. Siku kubwa za kanisa, yaani Krismasi na Pasaka, ndizo siku kubwa za hoteli. Nusu ya wapokea wageni wetu wanafanya kazi Nyali na Bamburi. Desemba hawapati ruhusa hata ya kumzika jirani. Vijana wa bandarini huenda kwa zamu, na bandari hailali. Sisi tulikuwa tumeweka mazoezi yote Jumamosi alasiri, kisha tunashangaa kuwa idara zimeshikwa na walimu na wenye maduka peke yao. Wengine tukawaita wasio na bidii.

Siku hizi, kabla ya kuandika tarehe yoyote, tunauliza: wewe kazini unaingia saa ngapi, na msimu wako wa kupumzika ni upi? Hapo ndipo tulipogundua kwamba kuanzia Mei wafanyakazi wengi wa mkataba wa hotelini hurudishwa nyumbani. Wana muda tele na hawana hela. Kwa hiyo semina za mafunzo tumezihamishia huko, na michango ya pamoja tumeiondoa huko. Na anayedhani zamu ni mbinu ya ofisini asome 1 Mambo ya Nyakati 25: waimbaji 288 waliofundishwa, wamegawanywa zamu 24 kwa kura, mkubwa na mdogo, mwalimu na mwanafunzi.

Jambo jingine ni Ramadhani, inayorudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka. Tunaitazama kwanza, kisha ndipo tunapanga ibada za jioni za nje. Jirani anafuturu, spika yetu inaweza kusubiri.

"Bajeti ni ukosefu wa imani"

Luka 14:28, mnara, kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Yatosha. Nitaongeza tu kwamba wenzetu Wakatoliki wamelimaliza hili kisheria: sheria ya kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 537, inalazimisha kila parokia iwe na baraza la fedha. Sisi bado tunabishana kama mweka hazina aone risiti za petroli ya jenereta.

"Huduma ni mpaka kufa"

Hesabu 8:25 inawastaafisha Walawi kutoka kazi nzito wakiwa na miaka hamsini, halafu mstari unaofuata unasema wabaki wakiwasaidia ndugu zao. Mwenyekiti wetu wa mitambo alisomewa hapo akacheka, akasema ana hamsini na tisa. Akakabidhi ufunguo wa chumba cha spika kwa binti aliyekuwa akimkunjia waya tangu akiwa kidato cha pili. Sasa hukaa nyuma yake kwenye kiti cha plastiki na kuonyesha kwa kidole.

Novemba iliyopita tuliacha kuomba "ripoti ya mwaka." Kila idara ilipewa nusu karatasi yenye maswali manne: Mlimhudumia nani? Mlijuaje kwamba imemsaidia? Nini tukiache? Mnahitaji nini, na kufikia lini? Wengine walirudi na sentensi yetu ile ile ya kumshukuru Mungu, wakaiandika kwenye swali la kwanza. Idara ya mitambo, chini ya yule binti, iliacha maswali mawili wazi, na kwenye la nne ikaandika: "Waya wa maikrofoni ya mimbarini. Huu uliopo tumeufunga kwa plasta ya kidonda tangu Pasaka. Kabla ya Jumapili." Mweka hazina alitoka kikaoni akaenda mjini kuununua.