Je, wajua kwa nini binadamu ana nyanya?

Waulize watu wazima wa Nairobi, kuanzia Kayole hadi Kawangware, ni nani aliyewalisha kwa moyo wote utotoni, na wengi watamtaja nyanya, yaani shosho, susu, kukhu au dani, kabla ya mtu mwingine yeyote. Watakusimulia uji wa wimbi uliochacha kidogo, nduma zilizochemshwa usiku zikaliwa asubuhi kwa chai, na kipande cha nyama kilichofichwa chini ya ugali kwa ajili ya mjukuu aliyeonekana kukonda. Watakumbuka pia leso yenye fundo pembeni, na sarafu zilizotoka kwenye fundo hilo. Tunayasimulia hayo kama mapenzi, na ni mapenzi kweli. Ila nyuma yake kuna swali ambalo limewahangaisha wanasayansi kwa zaidi ya miaka 60: kwa nini mwanamke huacha kuzaa akikaribia miaka 50, kisha akaendelea kuishi, tena na nguvu zake, miaka mingine 20 au 30?

Kwa wanyama wengi jambo hilo halipo. Tembo jike aliyezeeka bado anaweza kuzaa, na kwa kawaida uzazi na uhai huisha karibu pamoja. Mwaka 1957 mwanabiolojia Mmarekani George Williams alipendekeza kwamba, kwa kuwa kujifungua uzeeni ni hatari na mtoto wa binadamu huchukua miaka mingi kujitegemea, ilimfaa mama afike mahali aache kuzaa na kuwakuza alionao. Wazo hilo lilimweleza mama vizuri. Nyanya lilimgusia tu.

Aliyemweleza nyanya alitoka karibu na kwetu. Katika miaka ya 1980, watafiti Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walikaa na Wahadza, watu wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya chakula porini karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Walihesabu saa za kazi, wakapima uzito wa chakula kilicholetwa kambini na uzito wa watoto. Waliwakuta wanawake wazee wakitoka kwenda kuchimba mizizi kwa vijiti vilivyochongwa, kwenye udongo mgumu wenye mawe, kwa muda sawa na wasichana na pengine zaidi. Mizizi hiyo iko chini sana. Mtoto mdogo hawezi kuitoa peke yake. Kisha wakaona jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari yote hii. Mama akiwa hana mtoto mchanga, mtoto wake aliyeachishwa ziwa aliongezeka uzito kulingana na bidii ya mama. Mama akijifungua mwingine, uzito wa yule mkubwa ulianza kufuata bidii ya nyanya.

Sasa fikiria ni wangapi kati yetu tulipelekwa ushago siku mama alipojifungua mdogo wetu. Unavalishwa sweta, unapandishwa basi pale stendi ya Machakos, unakabidhiwa shangazi anayesafiri, na unaambiwa unaenda kumsalimia shosho. Kumbe hukuwa mgeni wa likizo. Ulikuwa mtoto yule yule wa kambi ya Wahadza: umri wa kunyonya umepita, mikono ya mama imepata mwingine, na wewe bado huwezi kujitafutia. Sokwe jike hana wa kumpa mtoto kama huyo. Humlea mwenyewe, na kwa kawaida hukaa miaka mitano au zaidi kabla ya kuzaa tena. Mama wa binadamu anaweza kuzaa tena baada ya miaka miwili au mitatu kwa sababu kuna mtu mwingine anayemlisha yule wa kwanza. Hawkes na wenzake wanasema hapo ndipo maisha marefu ya binadamu yalipoanzia: wanawake waliobaki na nguvu uzeeni waliwaokoa wajukuu zao, na wajukuu wakarithi uwezo huo wa kuishi sana. Wengi huiita nadharia ya nyanya.

Ushahidi umetoka kwingine pia. Mwaka 2004, watafiti waliosoma kumbukumbu za makanisa za karne ya 18 na ya 19 nchini Finland na Kanada walikuta kwamba kila miaka 10 ambayo mwanamke aliishi baada ya kutimiza 50 ilimletea wastani wa wajukuu wawili zaidi. Vijijini Gambia, watoto wadogo waliokuwa na nyanya mzaa mama walikua vizuri na kunusurika kifo zaidi kuliko wasiokuwa naye. Na baharini wako nyangumi aina ya orka, ambao majike wao huacha kuzaa kisha huishi miongo mingi, wakiongoza familia kwenye samaki hasa miaka ya uhaba.

Haimaanishi kwamba kila kitu kimeelezwa. Mwaka 2023 ilithibitishwa kwamba sokwe wa Ngogo, katika Msitu wa Kibale nchini Uganda, nao hukoma hedhi na kuendelea kuishi, ilhali hawalei wajukuu, kwa kuwa binti zao huhamia makundi mengine. Kwa hiyo ubishi bado upo kuhusu chanzo. Kuhusu kazi yenyewe, mimi sioni la kubishia. Mathare na Korogocho, saa kumi na moja alfajiri, binti anapoelekea Industrial Area kutafuta kibarua, anayebaki na watoto ndani mara nyingi ni mama yake. Miaka ambayo Ukimwi uliwachukua wazazi wengi, nyanya ndio waliorudi kulea upya. Ndiyo maana natamani tunapowasimulia tutaje na jasho lao. Nduma zile zilichimbwa na mtu aliyeinama kwenye matope kando ya mto, na kuni alizibeba mgongoni. Na ile nyama ya chini ya ugali mara nyingi ilitoka kwenye sahani yake mwenyewe.

Limebaki moja ambalo akina mama wa Nairobi hulilalamikia sana: nyanya anamruhusu mjukuu mambo ambayo bintiye aliyachapiwa. Mtoto amevunja kikombe, shosho anasema mwacheni, na mama anabaki mdomo wazi, akiapa kwamba huyu si yule aliyemlea yeye. Mwaka 2021, James Rilling wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, na wenzake walipima ubongo wa nyanya 50 walipokuwa wakitazama picha. Picha ya mjukuu iliamsha zaidi sehemu zinazohusika na kuhisi anachohisi mwingine: mtoto akicheka, nyanya anacheka naye ndani, akilia, anaumia naye. Picha ya mtoto wake aliyekwisha kuwa mtu mzima iliamsha zaidi sehemu za kujaribu kumwelewa, kupima anawaza nini na kwa nini.