Acha Kufuta Ekstensheni, Haijaharibika

Kila anayeniletea laptop hapa Mwanjelwa, Mbeya, eti ekstensheni (kijiprogramu kinachoongezwa kwenye kivinjari kama Chrome) imegoma, huanza na maneno yale yale: "Fundi, nimeshaifuta nikaiweka upya, bado." Tena anayasema kwa kujivunia, kama mgonjwa aliyekwisha kumeza dawa za jirani kabla ya kufika zahanati. Wiki hii nimeyasikia tena, na sasa naandika ili nikiulizwa nitume linki.

Ekstensheni ikigoma, mara nyingi ni nzima kabisa. Imezuiwa tu. Na aliyeizuia ni kivinjari chako, kwa kitufe ambacho hujawahi kukifungua.

Imani ya kufuta haifi kwa sababu kuna siku inafanya kazi kweli. Tangu Chrome 70, mwaka 2018, unaweza kuiambia ekstensheni ifanye kazi kwenye tovuti zote, kwenye tovuti ulizozitaja tu, au pale unapoibofya. Mtu akigusa hapo bila kujua, akachagua "inapobofywa", kesho yake analalamika kwamba kitu kimekufa. Akifuta na kuweka upya, mipangilio inarudi mwanzo, mara nyingi kwenye tovuti zote, na mambo yanakwenda. Basi amepata dini.

Lakini kuna vitufe viwili ambavyo mwanzo wake ni kuzimwa: kile cha hali fiche (Incognito, dirisha lisilohifadhi historia) na kile cha faili zilizo ndani ya kompyuta. Hapo kufuta hakukusaidii chochote. Kama ulikuwa umeviwasha, umevizima mwenyewe.

Dada mmoja wa stesheneri upande wa Kabwe huwahudumia wateja kwenye hali fiche, na anafanya vizuri, maana kila mteja anaingia kwenye akaunti yake na hatutaki ya huyu ibaki kwa yule. Alikuwa na ekstensheni ya kuandika kwa mkato: herufi chache, barua nzima ya maombi ya kazi inajaa. Kwenye hali fiche haikuonekana hata ikoni yake. Akaifuta. Barua zote alizozitunga humo zikaenda nayo, kwa sababu Chrome ikiondoa ekstensheni inaondoa na hifadhi yake ya ndani, na hakuwa na nakala kwingine. Alichohitaji kilikuwa kuandika chrome://extensions kwenye upau wa anwani, kubonyeza Maelezo, na kuwasha ruhusa ya hali fiche. Basi.

Mwalimu mmoja kutoka Tukuyu naye ekstensheni yake ya kusoma PDF kwa sauti ilisoma za mtandaoni na kukataa za kwenye flashi. Angalia anwani: ikianza na file:///, hilo ni faili la kwenye kompyuta, na kitufe chake kiko ukurasa ule ule wa Maelezo, chini kidogo.

Sasa nifike kwenye kinachonikera hasa. Watu wakisikia "ruhusa" wanakimbilia ikoni iliyo kushoto kwa anwani ya tovuti, palipokuwa na kufuli kabla Chrome haijaibadilisha mwaka 2023. Wanafungua hapo na kuwasha kila wanachokiona: kamera, maikrofoni, mahali ulipo, arifa. Ekstensheni bado imegoma, ila sasa saa sita usiku kompyuta inatoa matangazo ya kubeti. Jamani! Zile ni ruhusa za tovuti: nini tovuti inaweza kuifanyia kompyuta yako. Ekstensheni ina zake, kwenye Maelezo yake: ni tovuti zipi inaweza kuzisoma na kuzibadilisha. Hazina undugu. Ukiipa tovuti kamera, ekstensheni haijapata kitu.

Na hata ukiwa mahali sahihi, kuna mtego. Ukurasa mmoja unaweza kubeba ndani yake fomu inayotoka anwani nyingine kabisa. Sehemu za malipo hupenda kukaa hivyo. Umeiruhusu ekstensheni kwenye anwani ya nje, ya ndani hukuiongeza, kwa hiyo inajaza nusu ya fomu na kuacha nusu. Hapo ndipo mtu anaapa kwamba ina virusi.

Mengine haraka. Umeweka ekstensheni sasa hivi na ukurasa ulikuwa wazi tayari? Upakie upya kwanza. Kwenye kurasa za chrome:// na kwenye duka la Chrome lenyewe haifanyi kazi, usihangaike. Imejizima baada ya kujisasisha? Pengine toleo jipya limeomba ruhusa zaidi na Chrome inakusubiri ukubali. Kompyuta ya ofisini inasema inasimamiwa na shirika? Muone mtu wa TEHAMA, mimi sigusi. Unatumia Chrome ya Android? Haikubali ekstensheni, weka Firefox. Na uBlock Origin ya zamani, ile ya kuzuia matangazo, Chrome iliacha kabisa kuikubali mwaka 2025 ilipofunga Manifest V2, mfumo wa zamani wa kutengenezea ekstensheni. Hiyo haina kitufe. Chukua uBlock Origin Lite, au hamia Firefox.

Niseme na jambo ambalo miongozo hulipita kimya. Vitabu vinasema usiipe ekstensheni tovuti zote. Ni kweli, nami huwaambia wateja hivyo, kisha nusu yao wanarudi wakisema nimewaharibia, kwa sababu kubofya kila mara kunachosha. Na onyo la "kusoma na kubadilisha data yako yote" linakuambia ekstensheni inaweza nini, halikuambii inafanya nini. The Great Suspender, ekstensheni ya kulaza vichupo visivyotumika, ilipendwa sana, ikauzwa kwa mmiliki mwingine mwaka 2020, na Februari 2021 Google ikaiondoa kwa kuwa na programu hasidi. Aliyekuwa nayo hakubofya chochote kibaya. Kwa hiyo ukiniuliza "fundi, hii ni salama?", ninachoweza kukupa ni kisio. Ekstensheni zinazogusa benki na nenosiri nazipunguzia ruhusa mpaka basi. Nyingine nakuachia mwenyewe.

Ukija dukani, njoo na ekstensheni ikiwa bado imo, na skrinishoti ya ukurasa wa Maelezo. Kama iliyogoma ndiyo ya kupiga skrinishoti, piga picha kwa simu.