Pumzi inakata usingizini, umeambiwa tatizo bado dogo: utibiweje?

Mimi ni dereva wa lori, Dar es Salaam hadi Tunduma. Tandiboi wangu anasema nikilala kwenye kabini nakoroma, kisha nanyamaza kama nimekata roho, halafu nashtuka. Nimepimwa nikaambiwa pumzi inakata mara 9 kwa saa, tatizo dogo. Dogo maana yake nini?

Mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Kwa wengine ulimi na nyama laini za nyuma ya kinywa hulala mpaka zikaziba njia ya hewa. Ubongo ukiona hewa haitoshi unakuzindua kidogo, koo linafunguka, unavuta pumzi kwa kishindo na kuendelea kulala, wala asubuhi hukumbuki. Huhesabiwa kila mara pumzi inapokata, au inapopungua sana, kwa sekunde 10 au zaidi. Mara 5 hadi 14 kwa saa ni tatizo dogo, 15 hadi 29 la wastani, 30 na kuendelea ni kubwa.

Ila mimi siiamini sana namba ikiwa peke yake. Mwenye 9 anayesinzia kwenye usukani akiteremka mlima Kitonga ana shida kubwa kuliko mwenye 14 anayeshinda mchana kutwa macho makavu. Kama unasinzia, mwambie daktari waziwazi kuwa kazi yako ni kuendesha gari, na safari za usiku mwachie mwenzako kwanza.

Mama mkwe anasema ni jinamizi.

Hapana. Anayekabwa na jinamizi huwa ameshaamka: anakiona chumba, mwili tu haumtii. Mwenye tatizo hili amelala fofofo. Anayeteseka kwa hofu ni aliye pembeni yake.

Nasikia kuna mashine ya kuvaa usoni. Ni lazima?

Kwa tatizo dogo, mara nyingi si lazima. Mashine hiyo husukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisijifunge, na hakuna kinachoishinda kwa tatizo kubwa. Lakini ni ghali, inataka umeme kila usiku, na wengi huishia kuiweka chini ya kitanda. Huwa naitaja mapema kwa mtu anayesinzia mchana, au mwenye presha isiyoshuka kwa dawa.

Njia nyingine ni kifaa cha mdomoni kinachovuta taya la chini mbele kidogo, ulimi usianguke nyuma. Hutengenezwa na daktari wa meno kwa kipimo cha mdomo wako, kwa hiyo lazima uwe na meno ya kutosha ya kukishikilia. Siku za mwanzo taya huuma na mate hutoka sana. Kabla ya kufunga safari kwenda hospitali ya rufaa, Mbeya au kwingine, piga simu uulize kama wanakitengeneza.

Nianze na nini nyumbani?

Anza na mgongo. Watu wengi hali yao huwa mbaya zaidi wakilala chali. Shona mfuko mgongoni mwa fulana ya kulalia, weka mpira wa soksi kama ule wa watoto wa mtaani. Ukigeuka chali utakusumbua na utarudi ubavu. Wenzako watacheka, waache wacheke.

Kisha uzito. Huku kitambi bado tunakiita afya, lakini mafuta ya shingoni na kwenye ulimi ndiyo yanayobana koo. Mwenye kilo 90 akipunguza 9 huweza kuona nafuu ya kweli, na kwa baadhi ya wenye tatizo dogo linaisha kabisa. Sikukatazi ubwabwa wa Kyela. Punguza kilima cha sahani ya usiku.

Pua ikiwa imeziba kwa mafua ya mzio, itibiwe. Na kama una rovu shingoni, jambo ambalo si geni huku nyanda za juu kusini, omba upimwe tezi: ikifanya kazi pungufu nayo huchangia.

Msimu wa ulanzi je?

Ulanzi, komoni, kimpumu, bia, vyote hulegeza koo. Mtu asiyekoroma atakoroma, na anayekatika pumzi atakatika kwa muda mrefu zaidi. Ukishindwa kuacha, kunywa mapema, uache saa kadhaa kabla ya kulala. Dawa za usingizi kama diazepamu usijinunulie dukani.

Makete kuna baridi, tunalala na jiko la mkaa chumbani.

Hilo litoe leo, uwe unakoroma au hukoromi. Hewa ya mkaa haina harufu na huua watu wakiwa wamelala.

Mwanangu wa miaka 5 anakoroma kila usiku.

Kwa mtoto hesabu ni nyingine. Hata mara chache kwa saa ni nyingi. Chanzo huwa mara nyingi ni mafindofindo makubwa au nyama za puani, na upasuaji wa kuziondoa huwasaidia wengi. Mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo, na umrekodi kwa simu akiwa amelala. Video ya dakika mbili itamweleza daktari mengi.