Je, wajua kwa nini Blackpool huwasha taa zake joto likiisha?

Ukisikia mji wa pwani unatundika taa zaidi ya milioni moja kando ya bahari, utadhani huwashwa watu wanapojaa mchangani. Blackpool, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, hufanya kinyume. Huziwasha mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, upepo wa Bahari ya Ireland ukianza kuuma masikio.

Kwanza, ni suala la giza. Sisi ambao jua letu huzama karibu saa zilezile mwaka mzima ni rahisi kulisahau hili. Mwezi Juni, jua la Blackpool huzama kama saa nne kasorobo usiku! Taa za mapambo ukiziwasha saa mbili, nani atazitambua? Zitakapoanza kupendeza, watoto wameshalala. Kufika katikati ya Oktoba, jua linazama saa kumi na mbili na kitu, na familia nzima inatembea ufukweni, samaki na chipsi mkononi, ikitazama.

Lakini sababu kubwa ni mfuko. Kwa miaka mingi Blackpool iliishi kwa wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya mkoa wa Lancashire. Kila mji ulikuwa na wiki yake ya kufunga viwanda wakati wa kiangazi, na watu wakapanda treni kwenda baharini. Zamu zilipokwisha, nyumba za wageni zilibaki na vitanda vitupu. Taa zikawa chambo cha kuwavuta watu wiki kadhaa zaidi. Kutazama ni bure; fedha hubaki kwenye malazi, chakula na baa.

Mji huu ulionja utamu wa mwanga mapema. Septemba 1879 uliwasha taa 8 za umeme ufukweni, kabla hata Edison hajapewa hataza ya balbu yake. Hazikuwa balbu kama tunazozijua. Ndani mlikuwa na vijiti viwili vya kaboni vilivyoachana kidogo. Umeme uliruka kutoka kimoja hadi kingine, ukatoa mwanga mweupe wa kuumiza macho. Wenyewe waliuita jua la kutengenezwa, na watu wakafurika kuliona.

Mapambo yenyewe yalianza Mei 1912, Binti Mfalme Louise alipokuja kufungua kipande kipya cha barabara ya ufukweni. Zilitundikwa balbu kama 10,000. Wafanyabiashara walipouona umati ule, wakaomba taa ziwashwe tena Septemba. Yaani mgeni wa heshima alipambiwa njia mara moja, wenye maduka wakaona mradi! Vita vikuu viwili vilizizima, zikarudi 1925 na tena 1949.

Leo taa zimetanda kilomita kama 10, na kwa miaka mingi katikati yake zilipita tramu (treni ndogo za barabarani) zilizovalishwa taa, moja ikiwa na umbo la gari moshi, nyingine manowari. Kila mwaka hualikwa mtu maarufu kuziwasha. Mwaka 1977 heshima hiyo alipewa farasi, Red Rum, aliyekuwa ameshinda mbio za Grand National kwa mara ya tatu.

Mwaka 2020, Korona ilipovuruga utalii, taa zilirefushwa hadi Januari. Giza halikuwa tatizo: Desemba, jua la Blackpool huzama kabla ya saa kumi jioni.