Kufundisha historia kupitia kusoma kwa awali: maana yake

Kufundisha historia kupitia kusoma kwa awali ni kumpa mtoto anayejifunza kusoma matini fupi kuhusu mambo yaliyotokea kweli, azisome mwenyewe, kisha azitumie kupanga matukio na kuuliza yamejulikanaje. Tunamzungumzia mtoto wa awali, darasa la kwanza au la pili. Kipindi ni kilekile cha kusoma. Hakuna somo linaloongezwa kwenye ratiba. Kinachobadilika ni kile kinachosomwa.

Tanzania ilianza kutumia mtaala wa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, mwaka 2015 kwa madarasa mawili ya mwanzo, na ni haki kabisa stadi hizo tatu zipewe muda mwingi. Lakini wapo walimu walioelewa kwamba basi historia isubiri hadi darasa la tatu. Mwanasaikolojia wa Marekani Jerome Bruner alikuwa na mtazamo mwingine: mwaka 1960 alieleza kwamba somo lolote linaweza kufundishwa kwa mtoto wa umri wowote, mradi lipewe sura anayoimudu bila kupotoshwa, kisha lirudiwe kwa kina zaidi kadiri anavyokua. Kinachobaki ni kuijua sura hiyo.

Tarehe siyo. Mtoto ambaye hesabu zake zinaishia kwenye mamia hana pa kuiweka 1961, mwaka wa uhuru wa Tanganyika. Ataimba "tarehe 9 Desemba 1961" vizuri sana, lakini muulize kama siku hiyo bibi yake alikuwa ameshazaliwa, atabaki anakutazama. Anachokimudu ni kabla na baada, zamani na sasa, kwanza na halafu. Hapa Kiswahili chenyewe kinamsaidia mwalimu, maana li, na, ta, silabi ambazo mtoto huzisoma mapema, ndizo zinazobeba wakati ndani ya kitenzi. Alisoma, anasoma, atasoma. Mwambie aweke kidole kwenye silabi ya pili na aseme jambo hilo ni la lini. Amesoma, na ameanza historia.

Tuchukue maji kama mfano. Andika sentensi hizi kwenye vipande vya manila:

Bibi aliteka maji mtoni.
Mama alichota maji kisimani.
Sisi tunakinga maji bombani.
Bomba lilikuja baada ya kisima.

Watoto wasome kwa sauti, mmoja mmoja. Funga kamba ukutani, kisha wabane vipande kwa vibanio vya nguo, cha zamani kabisa kikianza. Vitatu vya kwanza havisumbui. Cha nne ndicho chenye kazi, kwa sababu hakina tukio jipya, kinaeleza uhusiano wa matukio mawili. Mmoja atataka kukibana mwisho, mwingine katikati. Waache wabishane, ila kila mmoja aonyeshe kwa kidole neno linalompa sababu. Mtoto aliyetamka "baada" bila kulielewa hugundulika hapo hapo, jambo ambalo darasa zima likiitikia kwa pamoja huwezi kuliona. Na kama kijijini kwenu bomba halijafika, badilisha sentensi. Mtoto asisomeshwe historia ambayo akitoka nje ya darasa anaiona si kweli.

Hapo ndipo historia inapoachana na ngano. Sungura na fisi wana nafasi yao na mtoto asinyimwe, lakini "hapo zamani za kale" haina kabla wala baada, na hakuna anayeuliza nani aliona. Historia huuliza. Kwa hiyo baada ya kila matini liwepo swali moja: tumejuaje? Mtoto mdogo anaweza kulijibu akipewa kitu cha kushika. Sarafu ya shilingi 200 ina sura ya Karume upande mmoja na simba wawili upande wa pili. Kanga ya zamani ina maneno ya herufi kubwa anayoweza kuyasoma silabi kwa silabi, na nyumbani yupo anayekumbuka aliipata lini na kwa ajili gani.

Mimi naamini matini bora kuliko zote kwa umri huu ni ile inayohusu kusoma kwenyewe. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na miaka iliyofuata watu wazima wengi waliingia kwenye madarasa ya kisomo. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, watu wakikusanyika kwa vikundi kusikiliza redio na kujadili malaria, vyoo na maji. Bibi mwenye miaka 80 leo alikuwa kijana wakati huo. "Bibi alisoma ukubwani" ni sentensi ya maneno matatu, mtoto wa darasa la kwanza anaimudu, na nyuma yake kuna sura nzima ya historia ya nchi. Akienda kumuuliza bibi kalamu aliishikaje siku ya kwanza, anauliza jambo analolijua, kwa kuwa naye ndiyo kwanza ameishika.

Mambo mazito nayo yana sentensi zake fupi. "Zamani watu waliuzwa Unguja. Soko hilo lilifungwa." Mtoto wa miaka saba anaweza kuzisoma, na zote mbili ni kweli. Maelezo ya minyororo yasubiri. Kudanganywa kwamba watu walisafiri tu kwa meli, hapana, hata akiwa mdogo kiasi gani.

Watoto wakileta majibu kutoka nyumbani, yatapingana. Bibi wa huyu atasema kisima kilichimbwa kabla ya shule kujengwa, babu wa yule atasema baada. Usifute jibu la yeyote. Andika yote mawili, chini ya kila moja weka jina la aliyelisimulia, bana vipande hivyo kwenye kamba kimoja juu ya kingine, kisha waulize watoto ni nani mwingine kijijini anayeweza kuulizwa.