Je, wajua kwa nini gitaa la Black Sabbath, ile bendi ya muziki mzito (heavy metal) ya Uingereza, linanguruma vile?

Miaka yote nilikuwa nawaambia wenzangu pale Kirumba, Mwanza, kwamba mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikatika vidole, akalegeza nyuzi za gitaa, ndo muziki mzito ukazaliwa. Nilikosea. Albamu yao ya kwanza ilitoka Februari 1970, ya pili mwaka huohuo, na humo gitaa karibu lote limetyuniwa kawaida kabisa, kulegeza nyuzi kunakuja kwenye albamu ya tatu, 1971. Kwa hiyo ule uzito ulikuwepo tayari kabla hajalegeza, na hilo ndo linanifurahisha zaidi.

Ya vidole ni kweli. Iommi alikuwa na miaka 17, siku yake ya mwisho kiwandani Birmingham, mchana akataka asirudi, mama yake akamwambia rudi ukamalize siku yako. Mashine ya bati ikamkata ncha za kidole cha kati na cha pete, mkono wa kulia, na yeye ni mashoto, yaani huo ndo mkono wa kubana nyuzi! Akayeyusha chupa ya sabuni ya vyombo akatengeneza vikofia vya vidole, juu akabandika ngozi. Ila ukivaa plastiki huusikii uzi, hujui umebana kiasi gani, ndo akatafuta nyuzi nyembamba, mwanzoni akachukua hata za banjo. Na akapenda sana zile kodi (chords, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) za sauti mbili tu, ambazo ampu, yaani kikuza sauti cha gitaa, ikisukumwa mpaka sauti ipasuke zinasimama imara, wakati kodi yenye sauti nyingi ingevurugika. Uzito wa mwanzo sehemu kubwa ni huo, pamoja na mwendo wa taratibu.

Sasa kulegeza. Nenda mwaloni asubuhi uangalie kamba ya mtumbwi uliofungwa. Upepo ukivuta mtumbwi kuelekea ziwani kamba inakaza, ipige kwa kiganja inatetemeka haraka hata macho hayaifuati, wimbi likirudisha mtumbwi kamba ileile inalegea, ipige tena unaiona inavyocheza huku na huku taratibu. Kamba haijanenepa, kilichobadilika ni mvuto. Kutetemeka haraka ndo sauti ya juu, taratibu ndo ya chini. Iommi alishusha nusu toni tatu, na kwa hesabu ya nyuzi hapo mvuto unapungua karibu asilimia 30, ambayo kwa kidole chenye jeraha ni nafuu kubwa mno.

Mdogo wangu anapigia kwaya gitaa kule Nyakato, nikamwomba ashushe hivyohivyo. Akabonyeza ule uzi mnene akasema, "Kaka, umekuwa laini kama mpira." Alivyoupiga kwa nguvu ukagonga vile vyuma vya kwenye shingo ya gitaa, ukakwaruza, na mngurumo wenyewe ukatoka.

Geezer Butler, mpiga besi wao, naye akashusha besi ili wakutane huko chini. Tarehe 5 Julai 2025 walipiga shoo ya mwisho uwanja wa Villa Park, Birmingham, Iommi akiwa na miaka 77, vikofia bado viko vidoleni.