Aya ya Taarifa: Mwanafunzi Aanze na Swali

Ukisahihisha madaftari ya kidato cha kwanza na cha pili katika shule zetu za Mbeya na Songwe, hukosi kukutana na aya ya namna hii: "Kimondo cha Mbozi kipo Songwe. Watalii wengi hufika huko. Kimondo ni kizito sana. Serikali inapaswa kukitunza. Kina chuma. Mimi nakipenda sana." Sarufi haina kasoro. Mwalimu huandika pembeni "panga mawazo", mwanafunzi hufunga daftari, na insha inayofuata huja vilevile.

Maneno hayo mawili hayajamfundisha kitu, kwa sababu hajui mawazo yapangwe kwa kufuata nini. Aya ya taarifa, yaani inayoeleza jambo bila kujenga hoja wala kutoa hisia, hupangwa kwa kufuata swali moja, na swali hilo lipatikane kabla ya kuanza kuandika.

Liulize darasa: mtu asiyewahi kufika Mbozi angetaka kujua nini? Kiko wapi, kina ukubwa gani, kimetokana na nini, nani hukitembelea. Chagueni swali moja, tuseme "Kimondo cha Mbozi ni kitu gani?", kisha mrudi kwenye ile aya na kufuta kila kisichojibu. Watalii wanaondoka, wana aya yao. "Serikali inapaswa" ni hoja, na "nakipenda" ni hisia. Hapa watoto hunung'unika, maana wamezoea kuamini kwamba urefu ndio alama. Usiwaonee huruma. Kinachobaki, kikiongezewa taarifa, kinaweza kusomeka hivi:

"Kimondo cha Mbozi ni bonge la chuma lililoanguka kutoka anga za juu. Lina urefu wa takriban mita 3, na uzito wake hukadiriwa kuwa tani 16. Karibu asilimia 90 ya bonge hilo ni chuma, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni nikeli. Mchanganyiko huo ndio unaolitofautisha na miamba ya kawaida inayolizunguka."

Sentensi ya kwanza inalijibu swali moja kwa moja. Hiyo ndiyo inayobeba wazo kuu. Zinazofuata zinalijaza jibu. Lakini tazama pia kinachozishika pamoja: "lina", "bonge hilo", "mchanganyiko huo". Walimu wengi hufundisha viunganishi tu, "pia", "vilevile", "aidha", na mwanafunzi huvipachika kila mahali. Katika Kiswahili kazi kubwa ya kuunganisha sentensi hufanywa na upatanisho wa ngeli na vioneshi kama "hilo" na "huo". Anayeanza na "bonge", akaandika "lina", kisha akahamia "kina" na "ina", amempoteza msomaji hata kama taarifa zake zote ni za kweli. Waambie wazungushie duara kila kiambishi na wachore mstari hadi kwenye nomino yake. Mstari ukikosa pa kufika, sentensi hiyo iandikwe upya.

Takwimu nazo zina adabu yake. Uzito wa kimondo hiki hutajwa tofauti, tani 12 hapa na 16 pale, ndiyo maana aya yetu inasema "hukadiriwa". Vitabu vya kabla ya 2016 hukiweka Mkoa wa Mbeya, kwa kuwa Songwe ulikuwa haujaanzishwa. Mwanafunzi azoee kutazama mwaka wa chanzo chake kabla ya kunakili.

Mpangilio wa ndani hutokana na swali lilelile. Aya inayoeleza jinsi Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alivyopambana na Wajerumani itafuata miaka: mapigano ya Lugalo 1891, kuanguka kwa ngome yake ya Kalenga 1894, kifo chake 1898. Inayoeleza kwa nini viazi mviringo hustawi Njombe itafuata sababu, yaani baridi, mvua, mwinuko. Sentensi ya mwisho si lazima irudie ya kwanza. Jibu likikamilika, aya imekwisha.

Najua madarasa yetu yamejaa, na kusahihisha insha nzima za wanafunzi 80 ni mzigo mzito. Basi usikusanye insha. Omba aya moja ya sentensi nne au tano, swali lake likiwa limeandikwa juu, na kabla hazijakufikia wabadilishane na majirani zao wa dawati: kila mmoja asome swali, kisha apige mstari chini ya sentensi yoyote isiyolijibu.